Mpini wa Mkasi Uliompata Msimamizi Jichoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, kazini naitwa Mama Uzi. Umri: miaka 49. Kazi: fundi cherehani, karakana ya sare za shule. Makazi: vyumba vya nyuma ya karakana.

Afande, habari za kazi. Natumaini u mzima. Nasema mbele za Mungu nilichokiona.

Leo, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye cherehani yangu. Mbele yangu alikuwa mkata vitambaa wetu, tunayemtania kwa jina la Mheshimiwa kwa sababu hasalimii kwa mkono. Si kiburi. Tangu apate ajali ukubwani, macho yake hayafanyi kazi pamoja. Hajui kitu kiko karibu au mbali. Ngazi anazishuka kwa kupapasa na mguu. Akiongea nawe anakusogelea mpaka unarudi nyuma, na ukimnyooshea mkono anashika hewa, ndiyo maana ameacha. Watu humwona hana adabu. Mimi aliniambia, akanisihi, "Dada, usiseme, wataniondoa kwenye kukata."

Kwetu mkasi mkubwa tunapokezana mkono kwa mkono: anayetoa anashika makali yaliyofumbwa, mpini unamwelekea anayepokea. Mheshimiwa tulimzoea, yeye huuweka kwenye kigoda.

Msimamizi ni mgeni, hakujua. Aliomba mkasi, Mheshimiwa akauweka kwenye kigoda.

"Mimi ni wa kuokota vitu?" msimamizi akauliza.

"Samahani, bosi. Si huo hapo?"

"Nipe mkononi! Au mkono wa mwanamke unakuchafua?"

Mafundi wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Leo Mheshimiwa kapatikana!"

Nikasema, "Mama, ngoja nikupe mimi." Akanijibu nishone.

Mheshimiwa akauchukua, akashika makali, akanyoosha mkono haraka kama mtu anayetaka aibu imwishe. Msimamizi naye alikuwa ameinama juu ya meza. Mpini ukaupita mkono wake, ukaingia jichoni. Yesu wangu! Sikujua kelele ile ni yake au ni yangu. Mashine zote zilinyamaza.

Mheshimiwa alikaa sakafuni. Alikuwa akisema, "Dada, jicho. Sasa na yeye atakuwa anashika hewa." Hakukimbia. Askari walimkuta palepale.

Nimesikia mnaandika kuwa amemchoma kwa sababu ya maneno. Afande mmoja kaniuliza, mtu anayekata kitambaa bila kukosea atakosaje mkono? Afande, kitambaa kimelala mezani na kiganja chake kiko juu yake. Mkono wa msimamizi ulikuwa hewani.

Namwombea yule mama jicho lake lipone, nitamwombea kila siku. Lakini huyu hakukusudia. Mke wake yuko hapo nje, ananiuliza kama aende nyumbani au akae. Nakuomba unijibu mapema nijue la kumwambia.

Hayo ndiyo niliyoyaona, nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika na kumsomea shahidi. Kielelezo, mkasi mmoja mkubwa, nimekikagua upya baada ya maelezo haya. Damu iko kwenye mpini. Makali yana nyuzi za kitambaa tu. Mke wa mtuhumiwa ameambiwa asubiri.