Neno Alilonyimwa Baba

Kijijini, karibu na Konitsa
Jumapili jioni, mwezi wa kumi

Mdogo wangu mpendwa Stergios,

Natumaini barua hii itawakuta wewe, wifi yangu na watoto mkiwa wazima, na mgongo wako umepoa. Huku tunashukuru. Mama anakula kidogo na anagomba sana, kwa hiyo yu mzima. Mimi nipo na saruji yangu na malori yangu. Baridi imeanza kushuka milimani na watu wote wamekumbuka kwa pamoja kwamba mapaa yao yanavuja.

Uliponipigia simu kutoka Melbourne kuuliza kama mifupa ya Baba imeshatolewa kaburini, nilikwambia nitaandika, ukakasirika. Mambo yenyewe hayasemeki kwa simu. Kaa chini, usome mpaka mwisho, na usiwasomee watoto.

Kwanza tukubaliane Baba alikuwa nani, maana huku wengine wameanza kusahau. Mzee Zisis, fundi mwashi, aliishi miaka tisini, na karibu yote alikuwa na nyundo mkononi. Nusu ya nyumba za bonde hili alizijenga yeye. Ijumaa hakugusa nyama wala mafuta hata kama alibeba mawe kutwa. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza alipiga ishara ya msalaba, na jioni alinawa, akavaa shati jeupe, akaenda kuimba kanisani upande wa kushoto, kwa sauti ile iliyokuwa kama inatoka chini ya sakafu. Hakulewa. Hakumpiga Mama. Sisi wawili hatukulala njaa. Hayo yote ni kweli na nitayasema mbele ya yeyote.

Ni kweli pia kwamba mimi ndiye niliyemchanganyia udongo tangu utoto, nikajua kwa jicho ukuta unakula mawe mangapi, na siku ya kugawa, nyumba na vyombo vya kazi vikaenda kwako wewe uliyekwisha kufunga mizigo ya Australia. Alisema wewe ni mwanamume, na mimi nitaolewa. Niliolewa, mume akafa, nikanunua lori la kwanza ambalo halikuwa na mlango. Sitaki kulirudia hilo leo. Haya, nimelirudia, limepita.

Sasa kaburi. Tangu siku ya mazishi unanilaumu kwamba nilimlaza Baba kona mbaya, kule chini ukutani maji yanakotuama, kama vile sikutaka kujisumbua. Nilikwambia alitaka mwenyewe, hukuniamini. Alimwambia Padri Thymios, akamwambia Mama, akaniambia na mimi: pale, si pengine. Sikuuliza sababu. Baba hakuwa mtu wa kuulizwa.

Kwa sababu ya udongo ule tulingoja mwaka wa nne badala ya wa tatu, ambao kwa desturi yetu mifupa hutolewa. Nilitayarisha kila kitu: divai nyekundu ya kuoshea mifupa, shuka jeupe, sanduku la bati lenye jina lake ili akae na babu na bibi katika chumba cha mifupa. Mama alikaa kwenye kiti nilichombebea. Shangazi Polyxeni naye alikuja, unamjua, hakuna kaburi linalofunguliwa bila yeye. Aliwaambia wachimbaji wapunguze fujo, "mnamtafuta mtu, siyo viazi." Tukacheka. Ilikuwa asubuhi nzuri.

Kisha koleo likagonga ubao, na ubao haukuwa umeoza. Wakaufungua. Stergios, Baba alikuwa pale. Simaanishi mifupa. Ngozi ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi, lakini masharubu yalikuwa yake, na mikono ilikuwa imekunjwa kifuani, na kile kidole kilichopondwa na jiwe bado kimepinda. Suti uliyomtumia ilikuwa na vifungo vyote. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama wa mwimbaji anayengoja zamu yake.

Shangazi alipiga ishara ya msalaba, akanong'ona kwa sauti ambayo bonde zima lilisikia, "Ardhi imemkataa. Kuna mtu amemfunga kwa kutomsamehe."

Mimi nauza mchanga, najua maji na udongo vinafanya nini. Niliwaambia kwamba ni udongo wa mfinyanzi mtupu, hewa haiingii, na juu yake suti ya nailoni. Hata mbwa asingeoza pale. Padri Thymios naye alikubali ni udongo, lakini huku anafungua kitabu cha sala. Ikitokea hivyo unajua kinachofuata: kila mtu anapita, anamwambia marehemu amemsamehe, ndipo anafukiwa tena angoje miaka mingine.

Wakapita. Shangazi alimsamehe kwa ajili ya ugomvi wa mbuzi mmoja wa zamani, ambao sote tulidhani ulishasamehewa. Mimi nilisema nimekusamehe kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Nilipoinama nikaziona kope zake, nikajikuta nasema mara ya pili, na hiyo haikuwa kwa ajili ya watu.

Akabaki Mama. Padri alimshika mkono, akamwambia, "Haya, mama Evanthia, wewe huna neno naye. Sema tu, tumfunike." Mama alimtazama Baba. Kisha akaniambia nimrudishe nyumbani, anasikia baridi.

Tangu siku ile nikifumba macho nauona mdomo ule ulio wazi. Na kijiji nacho kikaanza. Wateja wanaingia dukani, wanashika misumari, wananitazama mimi. Wanaume waliomsifu Baba maisha yao yote wakaanza kukumbuka vita na kuulizana alimsaliti nani. Mtu aliyewajengea nyumba wanazolala! Nyumbani Mama alikuwa akiongea peke yake jikoni, nikiingia ananyamaza. Padri alikuja kumsihi. Alisema Mama akifa bila kusema neno lile, watabaki hivyohivyo wote wawili, mmoja ananyima na mwingine anangoja. Hilo lilinitisha kuliko ile maiti. Mama ana miaka themanini na mitano, Stergios, na kila nikimwona amesinzia kitini naangalia kifua chake kama kinapanda.

Mwishowe nilimuuliza wazi, Baba alikufanya nini? Aliendelea kumenya vitunguu saumu. Kisha akasema kwamba mimi si mtoto wake wa kwanza.

Kabla yangu alikuwapo msichana. Alizaliwa wakati wa theluji kubwa, mdogo sana, midomo ya buluu. Padri wa wakati ule alikuwa kijiji cha pili na njia ilikuwa imeziba. Unajua kwamba mtoto akielekea kufa na padri hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza hewani: anamnyanyua mara tatu, anamtaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, anampa jina, basi. Mama akamwambia Baba, "Zisis, mnyanyue." Baba akajibu kwamba hiyo ni kazi ya padri, yeye ni fundi tu, mikono yake haistahili, padri ameitwa, yuko njiani. Mama akamwambia tena. Akamwambia akilia. Baba akapiga magoti mbele ya picha takatifu akaanza kuomba. Mama anasema aliomba vizuri sana, kwa ile sauti yake nzuri, mpaka mtoto akanyamaza.

Padri alifika adhuhuri, theluji imemfika kiunoni. Akasema ambaye hakubatizwa hazikwi ndani ya makaburi ya Wakristo. Baba akamfunga mtoto katika blanketi, akatoka naye. Aliporudi hakusema amemlaza wapi. Padri alikuwa amemwapisha, ili Mama asije akaenda kumfukua, na Baba hakuvunja kiapo maishani mwake. Mama alimuuliza karibu miaka sitini. "Alikuwa mtu mwema," akaniambia. "Mungu alimpata mzimamzima. Mimi nilimwomba amnyanyue mtoto tu."

Nikafanya ninachoweza kufanya. Nilikwenda kwa mzee Fotis, aliyefanya kazi chini ya Baba tangu ujana, nikamuuliza kwa nini Baba aliitaka kona ile. Masikio yake hayasikii, lakini kumbukumbu anayo. Alicheka. "Wewe binti wa fundi, hujawahi kuona kwamba ukuta ule umepinda?" Akanieleza kwamba yule padri wa zamani alipokufa, Baba alijitolea kuujenga upya ukuta wa makaburi, na walipofika kona ile akaivuta nje kamba ya kunyooshea ukuta. Fotis akamwambia, "Fundi, kamba yako imepinda." Baba akasema, "Imenyooka. Jenga." Kijiji kilimcheka miaka na miaka, eti fundi bora wa bonde zima ameshindwa kunyoosha ukuta wa wafu, na hakujitetea hata siku moja.

Nilichukua futi nikaenda kupima. Ukuta umetoka nje mita mbili, kwa urefu wa mita sita. Hayo ni mawe mengi, na Baba hakupoteza hata jiwe moja bila sababu. Hapakuwa na mwamba wala mti wa kukwepa. Ukisimama pale unauona msingi wa ukuta wa zamani ukipita katikati ya majani, na Baba amelazwa upande wa pili wake, palipokuwa nje ya makaburi siku ile ya theluji.

Kesho yake nilimpeleka Mama. Aliupapasa ukuta mpaka unapopinda, akakaa kwenye majani mabichi kati ya kaburi na mawe. Aliweka kiganja chini, akaita jina. Aliita Sofia. Ni jina la bibi yetu mzaa Baba, ambalo kwa haki ni la binti wa kwanza, na ambalo mimi nilikuwa nikijiuliza maisha yangu yote kwa nini sikupewa.

Kisha akaligeukia kaburi la Baba. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayezungumza na mwenzake aliyeko chumba cha pili: "Ukamjengea nyumba, usiniambie. Haya, Zisis. Tutazungumza nikija."

Nikamuuliza kama huo ndio msamaha. Akasema nimwambie padri achukue huohuo, mwingine hana.

Kwa hiyo Baba hatatolewa, si mwaka huu wala ujao. Mama anataka zamu yake ikifika alazwe palepale, katikati yao. Nimemuahidi, na sanduku la bati nimelirudisha. Najua utapiga simu kubishana. Piga, lakini zungumza na yeye, siyo na mimi.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu na anasema uvae nguo nzito, nimeshindwa kumweleza kwamba huko kwenu sasa joto ndiyo kwanza linaanza. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi dada yako wa pili,
Anthoula