Jogoo wa Kura

Adongo, ndio natoka kwenye sala ya jumuiya. Mzee Mashimba amesimulia tena habari ya jogoo wa mwaka tisini na tano, na bado kosa ni la mama yangu. Mungu anisamehe, nilifumba macho nisimwone.

Unajua alikuwa jogoo gani. Mbegu ya kisasa, mmoja tu kwa kikundi kizima cha wafugaji Buswelu. Mama alimpa pumba kabla hajatupa sisi uji.

Mashimba, mwenyekiti, akapita uani. "Modesta, huyo ni wa kula Jumamosi."

"Wa kula, baba?"

"Wa kula. Tunakuja wote."

Alimaanisha kura, wapige kura jogoo ahamie kwa nani. Ulimi wake haujawahi kutenganisha maneno hayo mawili. Tumwandikishe darasa letu la jioni la kusoma na kuandika.

Mama akalia, akachinja.

Jumamosi wakafika na vikaratasi vyao, wakakuta sufuria jikoni.

"Modesta, jogoo wetu yuko wapi?"

"Anaiva, baba."

Mpaka leo mama anaitwa mlafi, na hakuonja hata mchuzi. Mzee amesimulia yote vizuri sana, ila amesahau kusema firigisi aliila nani.