Waya uliokunywa ukungu

Jumamosi jioni, Endagikot. Ukungu umeshuka tangu saa tisa, hata zizi silioni kutoka mlangoni. Nimekaa jikoni karibu na moto, magoti yananiuma, na hasira bado ninayo.

Shule niliacha darasa la tatu. Naandika hapa kwa kidole kimoja. Mjukuu wangu aliyenifungulia ukurasa huu aliniambia, andika unavyosema. Basi leo nasema.

Nyumba yetu iko bondeni. Ukipanda mgongo wa kilima, kule liliko shamba langu, mtandao unapatikana vizuri tu. Ukishuka nyumbani, simu ya mkononi inabaki kuwa tochi. Ndiyo maana kabla ya Pasaka tulifungiwa simu ya mezani, ile inayotumia laini kama ya mkononi, yenye vitufe vikubwa. Antena ikawekwa juu ya mlingoti wa mkaratusi pembeni ya nyumba, na waya mnene mweusi ukateremka kutoka kwenye antena hadi dirishani, ukaingia mpaka kando ya kitanda cha mzee.

Mzee ni mume wangu. Upande wake wa kulia uligoma mwaka juzi. Akishikwa mkono anasimama, akiachwa anayumba. Akibonyeza kitufe kimoja tu, simu yangu inalia shambani. Kwa hiyo waya ule haukuwa wa muziki wala wa kutazamia mpira. Ulikuwa mkono wangu ndani ya nyumba, mimi nikiwa nimeshika jembe huko juu.

Aliyeufunga ni Petro, fundi wa Dongobesh. Mtu mzima yule, ana mke na watoto wanne. Mama yake tulilima pamoja, na siku anabatizwa nilimshika mimi mikononi mwangu. Alipokuja kufunga nilimchinjia jogoo. Naandika hilo la jogoo makusudi.

Wiki tatu simu ilikwenda vizuri. Ukungu ulipoanza, nayo ikaanza kukohoa. Asubuhi haishiki kabisa. Mchana jua likitoka, inarudi. Nikampigia Petro nikiwa kilimani. Akaniambia, "Huo ni mtandao, bibi. Subiri, utatulia." Nikasubiri. Nikampigia tena. "Ni hali ya hewa, bibi. Huko kwenu ukungu umezidi."

Huko kwetu! Utafikiri yeye kazaliwa jangwani. Ukungu huu ulikuwepo mama yake akimbeba mgongoni, na alikohoa ndani yake kama watoto wengine wote.

Lakini niseme na langu, maana hapa sipendi kudanganya.

Nilijifanya fundi. Waya wa Petro ulikuwa mfupi, kwa hiyo alikuwa ameunga vipande viwili chini ya upenu. Vile vichwa vya chuma vya kwenye ncha vimekutana hapo, vimezungushiwa tepu. Nikasema maji yanaingia hapa. Nikafanya alivyokuwa akifanya mama yangu kwa kamba za ngozi mvua zikikaribia: nikapaka samli, tena kwa ukarimu, halafu nikavalisha mfuko wa nailoni uliokuja na mbegu, nikakaza kwa uzi juu na chini. Siku mbili zilizofuata jua lilikuwa kali na simu ikawa nzima. Nikatembea kijijini nimeinua shingo. Nilimwambia jirani yangu Mama Naomi kwamba mafundi wa Dongobesh waje wasomee kwangu.

Jumanne ukungu ukarudi.

Nilikwenda kupalilia. Niliporudi saa nane nilimkuta mzee sakafuni, kati ya kitanda na dirisha. Mdomo umepasuka, nyonga imevimba, mwili wa baridi kama jiwe la mtoni. Alianguka kabla kidogo ya saa nne akijaribu kufikia kikombe. Simu aliifikia kwa mkono wa kushoto kwa kuuvuta waya wake. Akabonyeza. Haikushika. Akabonyeza tena.

Aliniambia, "Nimebonyeza mpaka kidole kikachoka."

Zahanati wamesema mfupa haukuvunjika. Mungu ashukuriwe, lakini Petro sijamshukuru kwa lolote.

Alhamisi nilimwita shemeji yangu Gwandu, mdogo wake mzee, tukaulaza mlingoti. Tulianza na kiungo cha chini, kile cha upenuni. Nilipofungua ule mfuko wangu ulikuwa umejaa maji kama yale mabwawa madogo wanayonywea ndama, na sisimizi wamegandia kwenye samli. Gwandu akaniangalia. Nikamwambia nyamaza, endelea na kichwa cha juu.

Kile cha juu, kinachoingia kwenye antena, mkono wangu haujawahi kukifikia. Gwandu alikifungua kwa koleo, akakikung'uta kwenye kiganja changu. Likadondoka tone. Likafuata la pili. Ndani kumeota kutu ya kijani kama ukoga wa kwenye mtungi. Tukakata waya shubiri moja, tukakuta bado maji. Waya ule ukiukata, katikati kuna uzi wa shaba, umezungukwa na plastiki nyeupe, halafu kuna wavu wa nyuzi nyembamba, ndipo linakuja gamba jeusi. Basi maji yalikuwa yamefuata ule wavu kutoka juu, taratibu, kama mafuta ya taa yanavyofuata utambi wa koroboi. Miezi yote ile waya ulikuwa unakunywa ukungu, na mimi naambiwa ni mtandao.

Nikakifunga hicho na kimoja cha kwenye kiungo katika pembe ya kitenge. Leo asubuhi nikamwacha mzee na Mama Naomi, nikaenda Dongobesh.

Sikuanzia kwa Petro. Nilianzia dukani kwa Mama Shamsa, maana vifaa vyote vya mafundi pale vinatoka kwake, na yule mama hana maneno mengi. Nikamwekea kichwa kile cha juu kwenye meza. Akakigeuza mara moja tu.

"Hiki kilifungwa nje?"

"Juu ya mlingoti."

Akainama chini ya meza, akatoa vingine viwili, akaviweka mbele yangu. Kimoja kilikuwa ndugu wa changu, chuma kitupu, chepesi, unakisokota kwa vidole na unachungulia mwanga kupitia pembeni. Cha pili kizito kidogo, na ndani yake kuna pete ya mpira mweusi mdomoni, na nyingine nyuma pale waya unapoingia. Akaniambia niikandamize ile pete kwa ukucha. Nikaikandamiza, ikarudi. Ukikikaza, mpira unabanwa, na hapo maji hayana pa kupita, wala ya mvua wala ya ukungu.

Nilikielewa kabla hajamaliza kueleza. Mimi nimefunga vibuyu vya maziwa maisha yangu yote.

Nikamuuliza, "Petro anavijua hivi?"

Mama Shamsa akavirudisha vile viwili chini ya meza. Kisha akasema, "Bibi, sitaki ugomvi na mteja, lakini sitadanganya mtu mzima. Siku ile vya nje vilikuwa vimeniishia. Nikamwambia asubiri Jumatatu, mzigo unakuja. Akasema nipe hivyo hivyo, bibi hatajua."

Bibi hatajua.

Nimezaa saba, nimezika wawili. Mvua naijua kwa harufu ya kuta. Matuta ya shamba langu yamesimama pale ya wenye vyeti yamebebwa na maji. Halafu Petro, niliyemshika akiwa hajaota jino, anapima akili yangu kwa darasa nililoachia!

Alikuwa kwenye benchi nje ya duka la pili, na mafundi wenzake na vijana wa pikipiki. Aliponiona akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

Sikumwitikia.

Nyinyi mnaojua huku kwetu mnajua maana yake. Shikamoo ya mtu haiachwi hewani. Hata yule mnayegombania naye mpaka wa shamba, unamwitikia kwanza ndipo mgombane. Petro alibaki ameinama nusu, kofia mkononi. Wenzake wakaacha kucheka. Akarudia, kwa sauti ndogo, "Shikamoo." Nikafungua pembe ya kitenge polepole, nikamwekea vile vichwa kwenye benchi.

Akavitazama, na akapata ujasiri wa kipumbavu. Alikuta kimoja kina samli.

"Aah, bibi! Hiki umekipaka mafuta. Sasa simu unaikaanga?" Akageukia wenzake. Wakacheka.

Nikamwacha amalize. Nikasukuma kile kingine kwa kidole.

"Hicho nilikipaka, na nilikosea. Na hiki cha juu ya mlingoti, nani alipanda kukipaka? Mimi na magoti haya?"

Kijana mmoja wa pikipiki akasema, "Labda bibi ana mabawa." Kicheko kikahama. Petro hakucheka.

Nikamwambia pale pale, watu wakisikia: "Kibuyu changu cha maziwa kina kizibo kilichochongwa kulingana na mdomo wake. Kikipotea, sikifungi kwa kizibo cha kibuyu kingine nikasema mgeni hatajua, maana ataonja. Wewe uliambiwa usubiri Jumatatu. Jumatatu ngapi zimepita, Petro? Na Jumanne mzee wangu alikuwa sakafuni masaa manne mazima, anabonyeza simu uliyoifunga wewe."

Akainua macho. "Mzee alianguka?"

Hakujua. Niliona kweli hakujua, na uso wake ukawa ule wa utotoni alipokuwa akivunja mayai ya watu. Nikamhurumia kidogo. Sikumwonyesha.

Akaingia kwa Mama Shamsa, akatoka na waya mpya na vichwa vyenye mpira, akanipakia kwenye pikipiki yake mpaka nyumbani. Alipofika alikwenda kwanza kitandani kwa mzee, akapiga magoti. Walichosema sikukisikiliza. Nilikuwa nachemsha maji.

Kazi aliifanya mbele yangu, maana nilivuta kigoda nikakaa chini ya mlingoti kama hakimu. Waya wa zamani aliutoa wote, akasema ukishaloa ndani haukauki tena. Safari hii aliweka mmoja mrefu usio na kiungo njiani. Vichwa akavikaza kwa spana, siyo kwa vidole. Juu yake akazungusha tepu nene ya mpira, anaivuta mpaka inakuwa nyembamba, nayo inajishika yenyewe kama ngozi. Karibu na dirisha akauacha waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia ndani, ili maji yanayofuata waya yadondokee pale. Hilo nilimsifia moyoni. Ni kama mfereji wa kwenye tuta.

Nikamuuliza kuhusu mfuko wangu. Akajibu kwa adabu, lakini alijibu: ukungu uliingia kwenye mfuko, jua likaupasha, baridi ya usiku ikaugeuza maji, na mimi nilikuwa nimekaza uzi juu na chini, yakakosa pa kutokea. Kwamba kiungo kile cha chini nilikimaliza mimi.

Ukweli huo nimeuandika. Umenichoma, lakini nimeuandika.

Saa tisa ukungu ukashuka, mnene, kama umeitwa uje ushuhudie. Nikapanda kilimani na simu yangu mkononi, nikasimama kwenye mahindi. Ikalia.

"Kuku wa madoa ameingia ndani," mzee akasema. "Amepanda kitandani. Nimfanyeje?"

Nikamwambia amfukuze na mto. Nikasikia mabawa, nikasikia Petro anacheka huko ndani, na sauti ilikuwa safi kana kwamba wamekaa begani kwangu.

Niliporudi Petro alikuwa anafunga kamba ya mfuko wake wa vifaa. Hakuniomba chai. Alivua kofia tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikasema. "Na mpelekee mama yako haya maharage."

Sasa amekwenda, na mtu atasoma hapa aseme bibi kashinda. Kuna jambo sikulisema Dongobesh, wala kwa Gwandu, wala kwa mzee mwenyewe.

Mzee hupiga simu sana. Hupiga kuuliza redio iko wapi, na ipo juu ya tumbo lake. Hupiga kuniambia mbwa wa jirani amepita. Kila anapopiga mimi huweka jembe chini na kumfokea. Jumanne ile simu haikulia tangu asubuhi. Saa tano nilikuwa nimemaliza mstari wangu. Ningeweza kurudi. Nikaenda kwa Mama Naomi, nikanywa uji, nikanyoosha miguu, na nilimwambia kwa mdomo wangu, "Leo ametulia, nashukuru."

Nilishukuru. Yeye alikuwa sakafuni anabonyeza.

Kichwa kibovu kilikuwa cha Petro, na samli ilikuwa yangu. Lakini simu yangu ilikuwa nzima mfukoni siku ile, na kilimani mtandao ulikuwepo. Ningeweza kupiga mimi. Isingeshika, ningejua kuna jambo. Tangu simu ile ifungwe sijawahi kumpigia hata siku moja.

Nitamwambia kesho asubuhi, kabla ya chai, maana baada ya chai nitatafuta kazi ya kufanya.

Jumatatu napalilia upande wa juu. Ikifika saa nne simu haijalia, nitaweka jembe chini, nipige mimi, nimuulize kuku wa madoa anaendeleaje.