Maiki za Wajane

Mtaa wa Dallas, Embu

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako halikusumbui sana na hii baridi. Mimi ni salama. Nimemtuma Kathure akupe mkononi kwa sababu simu yako hushikwa na kila mtu hapo Mitunguu, hasa baba mdogo Kiunga. Isome ukiwa peke yako.

Kazi ya mitambo ya sauti inaendelea, leo harusi, kesho mazishi. Lakini unajua ulinizaa na pua ya kunusanusa mambo. Juma lililopita tulikuwa na mazishi Nkubu. Mjane, anaitwa Igoki, alipewa maiki, na alipoanza kueleza mumewe alimwachia nani shamba, sauti ikapotea. Mugendi, fundi aliyenifunza kazi, akatangaza kwamba betri imekwisha. Kwaya ikadakia wimbo, mama wa watu akaketi.

Mama, betri ile niliitia mimi, mpya, asubuhi hiyo. Nilipoichukua maiki, taa yake ilikuwa bado inawaka kijani. Nikaanza kukumbuka. Kwenye mazishi ya Runyenjes maiki ilizima, Chuka ikazima, na kila mara mikononi mwa mjane. Wachungaji huhubiri mpaka tunasinzia na betri haziishi!

Jana tukila githeri nilimchokoza Mugendi, nikajifanya nataka kufunzwa. Akacheka, akasema hiyo ni huduma. Wenye boma wakihofia maneno ya mjane, humnong'oneza fundi, naye humshusha sauti polepole kwa kidole kimoja. Akanisimulia kisa cha mwaka jana, kabla sijaajiriwa, kule Mitunguu. Mjane alianza kusema mzee alimwachia migomba ya kando ya mfereji, naye Mugendi akamzima hapo hapo. Aliyemwomba ni ndugu wa marehemu. Mugendi hakujua anaongea na mtoto wa mjane huyo.

Nikaisukuma sahani kando. Haikuwa betri, mama. Alikuwa Kiunga. Ndiyo maana anavuna ndizi zako leo, akiapa hakuna aliyekusikia. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Misa ya ukumbusho wa baba ni Jumamosi ijayo, na Kiunga ameshamkodi Mugendi. Hajui kwamba siku hizi nafanya kazi na Mugendi. Anadhani bado nauza simu. Nimemwomba tajiri wetu, Njue, anipe mimi mtambo wa sauti, Mugendi ashike kamera. Amekubali. Usimwambie mtu, hata katekista, maana simwamini tena yeyote anayekaa karibu na Kiunga. Ukipewa maiki, usiharakishe. Anzia pale walipokukata.

Wasalimie majirani wote, ila yule mmoja mwache.

Mwanao akupendaye,
Mutwiri