Milango Yote Inamtazama Baba Mkwe

Mpendwa Mama Mariette, nakusikiliza kwenye radio kila juma huku Misiera, kambini Nakivale, na leo naomba usinihurumie tu, unisaidie, maana roho inaniwaka. Baba mkwe wangu anajenga nyumba ya etaji, ghorofa kabisa, Mbarara, kila mutoto wake mwanaume apate makao yake, nyumba zote zizunguke lupango moja, kiwanja cha katikati, na mimi nilifurahi mingi, nikasema batoto batacheza pamoja, kukiwa kilio tutapata fasi ya kukalisha bantu, hata nikaanza kuaga majirani na mama yangu. Kumbe juzi bwana yangu Constantin ananionesha mchoro, mlango wa baba yake uko chini na barza kubwa ya kukalia, na ng'ambo ya lupango, mbele ya macho yake, ndiyo jiko letu la pamoja, bomba, na milango ya choo na bafu. Mama, mimi sijawahi kula mbele ya mzee yule, jina lake silitaji, nikimuona njiani nashika pembeni, sasa nitoke kuoga na kitenge kifuani yeye anakunywa chai ananiangalia? Namwambia Constantin, ananijibu, "Baba ndiye alichora, anataka aone familia yake yote." Bibi za bashemeji yangu bananung'unika jikoni, mbele ya bwana zao bananyamaza, na mimi ndiye naitwa mwenye kugawa familia. Kuta zitaanza kupanda mwezi ujao. Nikatae kuhama, ama nivumilie?

Uwitonze

Uwitonze, usivumilie. Nimesoma barua yako nikaweka kikombe chini kwa hasira. Heshima aliyowadai miaka yote mzee anaivunja mwenyewe kwa matofali, halafu wewe ndiye uitwe mgawanyaji! Na huyo Constantin, ambaye amekuona mara ngapi ukikimbia na sahani baba yake akipiga hodi, ameangalia mchoro ule akaona uko sawa. Aibu ni yake.

Lakini na wewe nakugombeza. Kunung'unika jikoni hakuhamishi ukuta. Na lupango usiikatae, huo ndio uzuri wa nyumba hiyo, wenzako wamepanga mjini mahali ambapo jirani anafiwa na hawajui. Kinachotakiwa ni choo na bafu viingie ndani ya kila nyumba, ama vihamie nyuma, na jiko liipe barza mgongo.

Najua wewe huwezi kumsemesha mzee. Mtafuteni dada yake, shangazi wa Constantin, yeye anaweza kumwambia lolote. Nendeni kwake wake wote pamoja, wiki hii, kabla fundi hajashika kamba ya kupimia msingi.

Constantin akiendelea kubisha, mwambie mama yako atakuja Mbarara kuwatembelea, na atakaa kwenye barza ile ile. Muulize kama yeye atatoka bafuni na taulo kiunoni, apite mbele ya mama mkwe wake, amsalimie. Usiongeze neno. Mwachie mchoro na penseli.