Umeme Uliopita Juu ya Paa Letu

Mpendwa Baba Nkwimba,

Mwadila, nakusalimu kwa Kisukuma chetu. Leo upepo wa hapa kwetu Kimali unavuma kama ule wa mwaka uliporudi kutoka Bariadi na sanduku lako la spana, kiwanda cha kuchambua pamba kikiwa kimefungwa. Ushirika ulikuwa umelala, wanunuzi binafsi wamejaa kila kona na mizani zao, na wewe, fundi wa mashine, huna mashine. Ulilima kimya kimya, mpaka walipokuja wawekezaji wa umeme wa upepo wakitafuta watu wa kufunga minara kwenye mlima wetu.

Nilikukatalia. Ukacheka tu, "Nafungwa mkanda, Mama Nkwimba. Siendi kuruka." Hukujua kwamba kila ulipopanda, mimi niliupa mlima mgongo, nikapalilia pamba bila kuinua macho.

Kisha mvua ikachelewa. Watu wakasema yale mapanga makubwa ya juu ya minara yanafukuza mawingu. Hata kaka yako Masanja akaacha kutusalimia. Hukubishana naye. Kila ulipotoka kazini ulikwenda kumsaidia kuchimba maji ya ng'ombe kwenye mchanga wa mto, mnachimba pamoja bila kuongea. Mvua iliponyesha hakuomba radhi. Alituletea maziwa, akakaa mpaka tukala wote.

Siku mashine zilipowashwa, nyaya zilipita juu ya paa letu kwenda kwenye gridi ya taifa, sisi tukabaki na kibatari. Nililia kwa hasira. Wewe ukavaa shati la kanisani.

"Jiandae," ukasema. "Twende tukauone."

Tukapanda basi, safari nzima hiyo kwa ajili ya kuangalia umeme! Bariadi tulitembea kama wageni: wachomeleaji wa mageti, saluni zenye muziki, akina mama na mafriji yao. Ukaninunulia soda ya baridi mpaka meno yakauma.

"Kunywa taratibu," ukaniambia. "Ubaridi huo umetoka kwetu."

Sijawahi kukuona na furaha kama ile, hata siku ya harusi.

Mnara haukukuangusha. Kifua ndicho kilichokuchukua, tukiwa katikati ya kuvuna. Masanja alikulilia kuliko sisi wote.

Wiki hii wametuunganishia umeme, mume wangu. Kijana wa shirika aliuliza mteja aandikwe nani, nikataja jina lako lote, na la baba yako.

"Yuko wapi, bibi?"

Nikamwonyesha kaburi, pale karibu na mnyaa.

"Samahani. Lazima awe mtu aliye hai."

Basi nikataja langu. Lakini alipoingia chumbani kuuliza swichi ikae wapi, hapo sikumpa nafasi ya kunibishia. Nimemwambia aiweke upande wako wa kitanda.

Upumzike, mwenzangu.

Mkeo,
Mama Nkwimba