Madishi Yote ya Wasudani wa Sohar

Jumamosi, 26 Septemba 2009

Mtoto amelala. Hatimaye! Mimi nimekaa kitandani kama malkia aliyefungwa. Siruhusiwi kutoka, kufagia, wala kuinua ndoo, mpaka Ikhlas wa ghorofa ya juu aseme. Arubaini ni jela yenye uji. Uji wa hulba, yaani uwatu, asubuhi, uji wa hulba jioni — hata jasho langu linanuka hulba.

Basi, televisheni. Tangu nitoke hospitali iko kwenye chaneli ya nyumbani Sudan, na rimoti nalala nayo. Mutasim anasema Oman hii ina chaneli mia nne, na mke wake amening'inia kwenye moja tu, yenye msoma habari anayesinzia. Na aseme! Nataka kusikia watu wanaongea kama watu. Hata matangazo ya sabuni nayapenda. Hata msoma habari mwenyewe.

Na leo nimepiga kelele mpaka mtoto akashtuka. Kipindi cha mavuno, kile kinachozunguka vijiji vya mtoni. Wametangaza: Ijumaa ya tarehe tisa, Wad Hilal, mavuno ya tende. Wad Hilal! Kwetu! Tangu Mungu aumbe televisheni hakuna kamera iliyokanyaga kwetu.

Baba atakuwemo. Utapigaje picha tende za Wad Hilal umwache Hajj Babikir? Mzee wa miaka sabini na bado anapanda juu ya mitende yake mwenyewe, hataki mtu aiguse hata kwa kidole. Atampa mtangazaji hotuba mpaka kamera ichoke. Miaka mitatu sijauona uso wake. Simu ni sauti tu, na sauti haina macho.

Siku niliyojifungua aliuliza swali moja: "Mikono yake mirefu?" Nikasema mirefu, Baba. Akasema, "Basi atapanda."

Mutasim aliporudi kutoka shule anakofundisha, maana hapa Jumamosi ni siku ya kazi, nikamwambia habari ya kipindi. Nilidhani atacheka. Akauliza tu, tarehe ngapi? Nikamwambia. Akaenda kunawa mikono. Na alikuwa ameshanawa.

Jumapili, 27 Septemba

Mume wangu amekuwa mtu wa ajabu. Mimba nzima tumegombana juu ya jina. Yeye: akiwa wa kiume ni Sirr, jina la baba yake, hakuna mjadala. Mimi: Babikir. Tulinuniana mpaka Ramadhani ikaingia, tukafuturu kila mtu na upande wake wa sinia. Halafu siku ya saba, kondoo keshachinjwa, wageni wamejaa sebuleni, Mutasim akaingia chumbani na kuniambia kwa sauti ya chini, "Aitwe Babikir. Baba yako anastahili."

Nikashinda bila vita! Nikajipigia kigelegele mwenyewe, maana Ikhlas alikuwa amesimama tu ananitazama.

Jioni tumepiga simu nyumbani. Mama kalia tena. Kila nikimtajia mtoto analia, anasema ni furaha. Nikamtaka Baba. Kaka yangu Hatim akachukua simu: Baba meno yanamsumbua, hawezi kuongea. Juzi alikuwa amelala. Kabla ya hapo alikuwa shambani. Huyu mzee ana shughuli kuliko waziri!

Nikamwambia Hatim, mwambie siku ya kamera avae kanzu mpya. Asije akavaa ile iliyochanika kwapani akatuaibisha mbele ya nchi nzima.

Hatim akasema, "Nitamwambia." Simu ikakatika.

Jumatano, 30 Septemba

Dishi limekufa. Nimeamka, kioo cheusi, maandishi "hakuna mawimbi". Jana usiku lilikuwa zima! Upepo haukuvuma. Mutasim kasema labda kunguru. Kunguru gani? Tangu nifike Sohar sijaona kunguru mwenye nguvu za kugeuza dishi.

Nikamwambia amwite fundi. Fundi yuko likizo kwao Kerala. Nikasema mwite mwingine. Mwingine hana simu. Basi panda mwenyewe juu ya paa, wewe si mwalimu wa sayansi? Akasema yeye ni wa kemia.

Ijumaa, 2 Oktoba

Kimya ndani ya nyumba. Sikujua kumbe ile televisheni ndiyo iliyokuwa ikinishika mkono. Nahesabu nyufa za dari. Mtoto ananyonya, analala, ananyonya. Natembea kutoka kitandani hadi dirishani. Dirishani kuna ukuta.

Ikhlas kaleta supu. Nikamwambia, dada yangu, Ijumaa ijayo nitapanda kwako, ngazi kumi na mbili tu, nikamwone Baba. Kijiko kikamponyoka. Akasema kwanza mzazi hapandi ngazi. Pili, hata yao imeharibika. Risiva imeungua.

Nikampigia mke wa daktari, mtaa wa soko la samaki. Yao imeharibika! Nikampigia mwalimu Nimat. Akasita kidogo — nilimsikia akifikiri — halafu akasema watoto wamemwaga chai juu yake. Nyuma yake namsikia yule msoma habari wetu anasinzia!

Madishi yote ya Wasudani wa Sohar yamekufa ndani ya wiki moja. Kuna nini? Vita? Mafuriko? Nimemuuliza Mutasim kama Nile imepanda. Kasema Nile iko salama salimini. Hivyo ndivyo alivyosema, "Nile iko salama," kama vile kuna kingine ambacho hakiko.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimejua. Ee Mola wangu, nimejua.

Mutasim alikuwa kibarazani na simu, mlango kaurudisha. Nilikwenda kutafuta nepi kwenye kamba, sikwenda kusikiliza. (Nilikwenda kusikiliza.) Akasema, "Siwezi kumwambia sasa. Mwache amalize arubaini kwanza. Nitamwambia mimi mwenyewe, taratibu." Kisha akasema, "Hapana, hajashuku."

Mke wa pili! Ndiyo maana jina kaliachia kirahisi. Ndiyo maana ananiletea machungwa kila siku, mtu ambaye miaka yote hajui bei ya chungwa. Na wote wanajua! Ikhlas anajua, Nimat anajua. Wananitazama kama kondoo wa siku ya saba.

Lakini dishi linahusianaje na mke wa pili? Au ni mtangazaji wa televisheni? Nimecheka peke yangu, halafu nikalia, halafu Babikir akaanza na yeye.

Nimemuuliza usiku, una siri? Akasema, "Siri yangu ni nini, mwanamke we, mimi mtu wa chaki?" Lakini alinishika kichwa kwa mikono miwili na kunibusu kwenye paji. Mutasim! Mutasim habusu paji. Ukiwa na homa anakushika kwa nyuma ya mkono.

Alhamisi, 8 Oktoba

Sijali. Aoe. Aoe wanne. Mimi nataka kumwona Baba yangu kesho baada ya alasiri.

Bi Shamsa! Sijui kwa nini sikumfikiria. Mlango unaotazamana na wetu, Mwomani, mjane, televisheni yake kubwa kama kabati na dishi lake pana kama karai la biriani. Anaangalia tamthilia za Misri mchana kutwa na kuwatukana waume wote waliomo. Si Msudani. Hakuna aliyemwambia dishi lake limeharibika!

Nimegonga leo Mutasim akiwa sokoni. Alipofungua akanirudisha nyuma kwa mikono yote miwili. "Mzazi hatoki nje, wewe! Upepo utakuingia!" Nikamwambia ni hatua tatu za korido, Bi Shamsa, upepo utanipitia wapi? Nikamwambia habari ya kipindi na Baba na tende. Akasema tende za Sudan kavu, zinavunja meno, lakini baba ni baba. Nije. Nijifunike kichwa vizuri, na mtoto nimweke upande wa ukuta.

Sina raha ya kusubiri. Nimekunja nguo zilizokwisha kunjwa.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mutasim hakwenda popote leo. Kawaida Ijumaa hukaa na wenzake mpaka magharibi. Leo karudi moja kwa moja kutoka msikitini, kasema nitakaa na nyinyi. Alinitazama kama askari jela. Nikampikia mwenyewe — mchuzi wa bamia kavu, mikate myembamba ya kisra kama sita hivi, Ikhlas angezimia. Akala. Akashiba. Alasiri akakoroma.

Nikamfunga Babikir kifuani, nikavuka korido.

Nitaandika kilichotokea kwa utaratibu, maana kichwa changu hakina utaratibu.

Mto kwanza. Maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikasema, Bi Shamsa, ndiyo pale! Halafu punda wa jirani yetu Idris, halafu wasichana wanaochambua tende kwenye mikeka, namjua kila mmoja. Nilicheka kama mwendawazimu. Bi Shamsa akacheka na mimi, akauliza, "Yuko wapi mzee?" Nikasema subiri, bado.

Mtangazaji akafika shambani kwetu. Mitende yetu ile ya mwisho, ya kando ya ukuta wa nyumba. Akasema, tuko na kijana Hatim. Hatim? Hatim anaogopa kupanda juu ya kiti! Akajifunga kamba ya kupandia. Kamba ya Baba, yenye kiraka cha ngozi nyekundu. Ile kamba nilichapwa kwa sababu yake nikiwa na miaka sita, nilipoirukia kama kamba ya mchezo. Hakuna aliyewahi kuivaa ila yeye.

Mtangazaji akauliza, "Umejifunza kwa nani?" Hatim akasema, "Kwa baba." Kisha midomo yake ikataka kuongeza neno, wakakata picha.

Halafu kamera ikapanda juu. Sijui walimfunga nani na kamera hiyo. Waliionyesha nchi yote kutoka juu ya mtende — mto, mashamba, mapaa. Na chini yake, ng'ambo ya ukuta, ua wetu. Kitanda cha kamba. Mtungi. Na mwanamke akatoka jikoni amebeba birika, akavuka ua. Hakujua kama anatazamwa. Anachechemea mguu wa kulia. Mama.

Amejitanda tobu nyeupe.

Nyeupe, ya pamba nzito, isiyo na ua wala tarizi. Walimu wanavaa nyeupe, na makarani wakienda kazini. Mama hajawahi kufanya kazi ofisini. Mama anapenda manjano na kijani, Baba alikuwa akimwita kasuku. Kwetu mwanamke wa nyumbani havai nyeupe kama ile ila kwa jambo moja.

Alivuka tu. Akaingia chumbani. Kamera ikarudi kwenye tende.

Bi Shamsa akaniuliza, "Mbona umenyamaza? Si ndiyo kwenu?"

Nikasema ndiyo, ndiyo kwetu.

Baba amekufa. Naliandika ili nilione. Baba yangu amekufa, amezikwa, wamemsomea, watu wamekula kwenye matanga yake, na mimi nilikuwa hapa namwagiza avae kanzu mpya.

Hakuna mke wa pili. "Mwache amalize arubaini." Ili maziwa yasikauke kwa huzuni! Nimefanya hivyo mimi mwenyewe kwa Nimat, mwaka juzi, alipofiwa na dada yake naye yuko kwenye arubaini. Nilimdanganya wiki tano, nikampelekea supu. Nikajiona mwema.

Na jina. Siku ya saba Mutasim alikuwa ameshajua. Ikhlas alikuwa ameshajua, ndiyo maana kigelegele nilikipiga peke yangu.

Nilirudi. Mutasim bado anakoroma, mdomo wazi. Nilisimama juu yake muda. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumfunika shuka. Sikufanya lolote, nikaingia chooni nikafungulia bomba.

Jumamosi, 10 Oktoba

Sijasema. Sijui kwa nini. Tangu asubuhi nalizungusha neno mdomoni kama kokwa ya tende.

Mchana alirudi na fundi! Likizo imekwisha ghafla. Mutasim mchangamfu, anapanda na kushuka, anasema mke wangu leo utakula televisheni mpaka uikinai. Kipindi kimeshapita, si ndiyo? Sasa hakuna hatari. Maskini. Nimemwona ana mvi mbili mpya kando ya sikio, zile za wiki hii.

Halafu kadi ya simu ilikuwa na dakika zimebaki, akapiga nyumbani, akanipa. Mama. Kauliza mtoto ananyonya? Nikasema ananyonya. Unakula vizuri? Nakula. Una usingizi? Sina, Mama. Akasema, ukilala mtoto alale na wewe. Sauti yake kavu. Kumbe kile kilio chake hakikuwa cha furaha, na mimi mtoto wake sikukitambua.

Nikamuuliza, "Mama, leo umejitanda tobu gani?"

Nilisikia jogoo wetu.

"Ile ya kijani, mwanangu," akasema. "Ile uliyoniletea wewe."

Nikasema, "Inakupendeza."

Akasema, "Baba yako naye anasema hivyo."

Nikamwachia Mutasim simu, nikaja chumbani. Mlango nimeufunga. Naandika nimesimama, siwezi kukaa. Nimlilie nani? Nikilia kwa sauti atajua, akijua atampigia, na Mama atajua nimeona. Amevaa nyeupe kwa ajili ya Baba na kijani kwa ajili yangu.

Fundi yuko juu ya paa, nasikia nyayo zake. Mutasim anaita kutoka sebuleni: picha imekuja, njoo, njoo umwone mtu wako anayesinzia!

Babikir ameamka, anatafuta ziwa. Mikono yake mirefu kweli. Nimempa. Maziwa yanatoka, Mama. Yanatoka.

Mutasim anagonga mlango.